Jumba la Mtwana: mama ataweza kutembea?

Muulizaji: Hamjambo wenzangu. Mwezi ujao nataka kumpeleka mama Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale pale Mtwapa, pwani ya Kenya. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, lakini tangu utotoni anatamani kuyaona yale magofu. Ataweza? Twende saa ngapi?

Mkazi wa Mtwapa: Ataweza, dada. Kuna mibuyu mikubwa, kivuli hakikosekani. Cha kuangalia ni mizizi na vizingiti vya mawe, kwa hiyo mshike mkono. Fikeni asubuhi, jua halijawa kali. Kutoka barabara kuu ya Malindi chukueni tuktuk hadi langoni, msimtembeze.

Binti Pwani: Msipite haraka kwenye ule msikiti ulio karibu na ufuo. Mimi nilikaa kando ya kuta zake nusu saa nzima. Ni mawe ya matumbawe. Ukisogeza uso unaona vijitundu vyake, kama sega la nyuki, na ukigusa yanakwaruza kidole. Watu waliishi pale karne ya 14 na 15, wakajenga misikiti minne, halafu wakauacha mji. Jirani na msikiti huo pana kaburi lenye aya: kila nafsi itaonja mauti. Nililisoma huku mawimbi yakivuma nyuma yangu, machozi yakanitoka.

Muulizaji: Mmenitia moyo. Na ufuoni, atapata pa kukaa?

Mkazi wa Mtwapa: Ulizieni maji kwanza. Yakijaa, ufuo hubaki mwembamba. Yakipwa, mtandikieni leso mchangani apumzike.