Mtiki wetu uende India ukiwa gogo au ukiwa mbao?

Mwana Muheza
Ndugu zangu, mtiki (teak) wa mashamba yetu ya Longuza, Mtibwa na Kilombero hapa Tanzania soko lake kubwa ni India, na shehena nyingi huondoka zikiwa magogo, au magogo yaliyopigwa pande nne tu kwa msumeno ili yapate kuitwa mbao. Kupasua kwenyewe, kukausha na kutengeneza fremu za milango hufanyika Gandhidham, jirani na bandari ya Kandla kule Gujarat. Tangu Myanmar ilipofunga usafirishaji wa magogo yake mwezi Aprili 2014, Wahindi wamekuwa wakitafuta mtiki kila pembe ya dunia, na mwenye mali adimu ndiye anayeweka masharti. Naona ziruhusiwe kutoka mbao zilizokaushwa tu. Najua mtauliza nani atazipasua, maana mafundi wetu wa dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishika, hugeuza nusu ya gogo kuwa unga na mabanzi.

Msumeno wa Mafinga
Hayo ya Myanmar nawaachia wenye kuyajua. Mimi nimeguswa na sentensi ya mwisho. Nimepasua misindano ya shamba la Sao Hill kwa miaka 14. Mteja ananiletea gogo jembamba lililopinda kama ndizi, kwa sababu alinunua shamba changa kwa bei ya chini, halafu mabanzi yakiwa mengi lawama napewa mimi. Dingdong haikuchaguliwa kwa upendo. Ilichaguliwa kwa sababu inafika shambani mahali ambapo hakuna umeme, na kwa sababu benki haimkopeshi mtu wa Mafinga msumeno wa mkanda kwa dhamana ya kibanda cha mabati. Kaka, umewahi kupasua hata ubao mmoja?

Mwana Muheza
Sijawahi, na sikukusudia kumdharau mtu. Hata hivyo unene wa jino la dingdong haupungui kwa sababu mwenye mashine ni maskini.

Mwalimu wa Pangani
Samahani kuingilia, lakini mti mnaougombania unaitwa msaji. Wakala wa Huduma za Misitu wenyewe huandika "misaji" katika matangazo ya minada yao. Saji ndilo jina la Kiarabu la mbao zilizotoka Malabar, pwani ya India, kuunda majahazi, na watu wa pwani tumelirithi. Huo mtiki ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu.

Msumeno wa Mafinga
Mwalimu, mnunuzi akija na fedha ataitikiwa hata akiuita mwembe.

Mpima Magogo
Wakati mnagombana juu ya unga wa mbao, naomba mtazame futikamba. Magogo haya mara nyingi hupimwa kwa hoppus: unachukua mduara wa gogo, yaani urefu wa kulizunguka, unaugawa kwa nne, unazidisha jibu kwa lenyewe, kisha unazidisha kwa urefu. Gogo lenye mduara wa meta 1 na urefu wa meta 3 lina ujazo halisi wa takriban meta za ujazo 0.24, lakini hoppus itaandika 0.19. Zaidi ya sehemu moja katika kila tano haionekani kwenye karatasi. Mnunuzi atasema kwamba bei imekwisha kulizingatia hilo, na pengine ni kweli kwa mfanyabiashara mzoefu, lakini mkulima wa ekari mbili aliyetajiwa bei ya "meta moja" hajui ni meta ipi. Mbao zilizopasuliwa kwa vipimo hazina fumbo hilo.

Mtu wa Amu
Sisi tulikwisha kuipita njia hii ya marufuku. Boriti, mazio na pau, yaani miti ya kujengea ya ukubwa mbalimbali, za mikoko ya Lamu zilikuwa zikienda na majahazi hadi Ghuba, na vyumba vya kule vilikuwa vyembamba kama vyetu kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Serikali ya Kenya ikafunga biashara hiyo, nadhani miaka ya sabini, na hakuna aliyejenga kiwanda. Waarabu walikuwa na mafuta, wakaenda zao kwenye zege na nondo. Mkimfungia Mhindi naye atanunua Ghana, au ataweka fremu za alumini.

Mwalimu wa Pangani
Ilikuwa 1982, ndugu yangu, si miaka ya sabini.

Mtu wa Amu
Ahsante, Mwalimu. Tarehe umenisahihisha, kiwanda bado hakipo.

Mwana Muheza
Mfano wa Lamu haulingani na huu. Mkoko ulifungwa ili usikatwe, ilhali mimi nazungumzia mti wa kupandwa ambao utakatwa kwa vyovyote. Tazameni Gabon: mwaka 2010 walizuia magogo yasitoke nchini na wakaanzisha eneo la viwanda la Nkok nje ya Libreville, ambako leo gogo linamenywa kuwa veneya, yaani tabaka jembamba za mbao, na kuunganishwa kuwa plaiwudi.

Msumeno wa Mafinga
Basi umejijibu. Gabon walipozuia, walijenga mahali pa kupasulia. Wewe umeanza kwa kuzuia na kumtukana mpasuaji, ukaishia hapo.

Mwana Muheza
Neno "kutukana" nalikataa.

Msumeno wa Mafinga
Likatae, lakini uje Mafinga na gogo la mtiki lenye mduara wa sentimita 90. Nitalipasua mbele yako, tukusanye unga wote kwenye viroba, tupime mbao mojamoja, na nikipoteza nusu ya gogo, chai ni juu yangu.

Mpima Magogo
Mimi nitakuja na futikamba, mradi tukubaliane kabla kwamba hatutumii hoppus.

Mwana Muheza
Nimekubali. Shida ni gogo lenyewe: la mduara huo halilali Muheza siku tatu kabla halijapakiwa kwenye kontena.

Mwalimu wa Pangani
La msaji.