Ushauri: kubuni upya jalada la albamu ya taarab kwa kazi ya chuo

Mwanafunzi_Unguja
Habari wakuu. Nasomea usanifu wa michoro, mwaka wa pili. Kazi ya muhula ni kuchukua albamu iliyokwishatoka, kuibunia upya jalada na kifungashio, na kukabidhi nakala 2 zinazoshikika mkononi. Nimechagua albamu ya taarab asilia, nyimbo 6, jumla dakika 58. Wazo langu ni kanga: pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina. Nataka iwe santuri ya inchi 12. Jaribio la kwanza la steshenari lina kasoro tatu: pindo ni nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, rangi imepasuka kwenye mkunjo, na nyeusi imefifia kama jivu. Mchoro ni pikseli 3000 kwa 3000. Nirekebishe wapi?

FundiMkunjo
Karibu. Kabla ya rangi, amua umbo. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hubeba kama dakika 20 kwa sauti nzuri. Dakika 58 ni santuri mbili, kwa hiyo ni jalada la kukunjua lenye mifuko miwili. Halafu upande mmoja wa jalada ni kama mm 315. Ongeza mm 3 za kukatwa kila ukingo, unapata 321. Karatasi ya SRA3, ile ya mashine za kuchapa iliyo kubwa kidogo kuliko A3, ni mm 320 kwa 450, na mashine haichapi mpaka ukingoni. Haliingii. Na huo mchoro wako kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) unafika mm 254 tu. 321 inataka pikseli karibu 3800.

Kwa bajeti ya mwanafunzi, chukua CD. Inabeba dakika 74 mpaka 80, albamu yote inakaa kwenye diski moja, na kifuko chake kinaenea kwenye SRA3.

Vipimo: mbele mm 127 kwa 127, mgongo 4, nyuma 127. Hiyo ni 258 kwa upana. Mfuko wa diski ni ulimi wa mm 110 unaoshuka chini ya ubavu mmoja, upana 125, wenye vishikio vya mm 10 kushoto na kulia vya kupaka gundi. Unaukunja kwenda juu kwa ndani. Diski ina kipenyo cha mm 120, kwa hiyo mm 10 zitachungulia juu, na ndizo za kuishikia.

Hapa ndipo wengi hukwama: ukishakunjwa, uso wa ulimi unaoonekana ni ule wa nje ya karatasi. Mchoro wake uchapwe upande uleule wa jalada la mbele, umegeuzwa kichwa chini. Ukiuweka upande wa ndani, utafichika ndani ya mfuko.

DadaPindo
Kuhusu pindo, mdogo wangu, wazo ni zuri sana, lisitupe. Tatizo ni unene. Pindo la mm 4 kisu kikihama mm 1 tu, upande mmoja unabaki 3 na wa pili unakuwa 5. Kila mtu ataona. Fanya mm 14. Kosa lilelile litatoa 13 na 15, jicho halishtuki. Na kanga yenyewe ina pindo pana, kwa hiyo hupotezi kitu. Rangi ya pindo ivuke mstari wa kukata kwa mm 3.

Hesabu ya nakshi: 127 ukitoa pembe mbili za 14 inabaki 99. Chora ua la mm 11, rudia mara 9, linakaa bila kukatwa nusu. Pembe zichorewe nakshi yake peke yake.

Jina liwe herufi kubwa, ndani ya mji, juu ya pindo la chini, kama kwenye kanga. Likikaa juu kwenye kichwa, litasomeka kama tangazo. Katikati ya mji weka kitu kimoja: ala ya kanuni au udi. Mlango wa nakshi na jahazi vimechoka, kila duka la watalii linavyo.

Wino_na_Karatasi
Nyeusi: eneo pana likichapwa kwa K100 (wino mweusi asilimia 100) peke yake hufifia. Jaribu C60 M40 Y40 K100, yaani ongeza samawati, majenta na njano kwa asilimia hizo. Maandishi madogo yabaki K100 tupu, maana rangi nne zisipolingana herufi zinaota kivuli. Majina ya wapigaji yasishuke chini ya pointi 6. Yakiwa meupe juu ya giza, 7.

Mwanafunzi_Unguja
Shukrani sana. Na kupasuka kwenye mkunjo je? Karatasi ni gramu 300.

FundiMkunjo
Gramu 300 inafaa. Nyuzi za karatasi ziende sambamba na mgongo: pinda kipande kwa urefu na kwa upana, mkunjo unaokubali kirahisi ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo wa ulimi utakata nyuzi, huo uutie mfereji (mstari wa kubonyeza wa kukunjia) mara mbili. Utaratibu ni huu: chapa, weka laminesheni (utando wa plastiki) isiyong'aa, tia mfereji kwa kalamu ya wino ulioisha na rula ya chuma, kata, ndipo ukunje. Kwenye vishikio usiweke laminesheni, gundi haishiki. Ikishindikana, tumia mkanda wa gundi pande mbili.

Kabla ya yote hayo chapa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya kawaida ya A3, kunja, tumbukiza diski. Ikibana, ongeza mm 1 kwenye upana wa ulimi, mbele na nyuma viache.