Nyerere na Kambona: niielezeje bila kuegemea upande? Naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, nimepewa mada ya kuwasilisha kwa vijana kuhusu waasisi wetu na nimechagua Nyerere na Kambona, sasa hapo ndo kichwa kinauma. Wenzangu nusu wanataka tumseme Kambona kama msaliti tu basi, mi naona hapana. Huyu jamaa alikua katibu mkuu wa TANU, chama cha Mwalimu Nyerere, na Januari 1964 wanajeshi walipoasi kambi ya Colito pale Dar wakidai mishahara na maofisa Waingereza waondoke, Mwalimu kafichwa, ni Kambona alienda kuongea nao uso kwa uso. Hivi ungekua na nia mbaya si ndo siku yenyewe hiyo?

Alafu 1967 linakuja Azimio la Arusha, lile la siasa ya ujamaa, Kambona hakulikubali, mwaka huohuo huyo London, karudi 1992 vyama vingi vimeruhusiwa. Miaka 25 jamani!

Sasa nianzie wapi, maasi au Azimio? Na mzee akisimama akasema namtukana Mwalimu (lazima atakuwepo mmoja) nimjibu vipi kwa adabu? Mliosoma historia nisaidieni, nawasilisha wiki ijayo