Darubini mpya inaonyesha ukungu mtupu: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Ujiji
Ndugu zangu, habari za jioni. Shuleni kwetu tumepata darubini yenye lenzi ya mbele ya kipenyo cha milimita 70 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hiyo hadi mahali inapokusanya mwanga) wa milimita 700, pamoja na lenzi za jicho za milimita 20, 10 na 4, na nyingine ya kuzidisha mara 3. Sanduku limeandikwa kuwa inakuza mara 525, lakini tukiilenga sayari ya Mshtarii tunaambulia giza au ukungu. Maelekezo nayo yanataka stendi ielekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo hatuioni. Naomba msaada, maana wanafunzi wana hamu kubwa na nisingependa ikatike.

Mkazi wa Mwanga
Shikamoo mwalimu. Hesabu ya sanduku ni sahihi, ila haina faida. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho: 700 kwa 20 ni 35, 700 kwa 4 ni 175, na ukizidisha mara 3 unafika 525. Lakini mwanga unaoingia ni ule ule wa milimita 70, kwa hiyo picha ikitanuliwa zaidi inafifia, kama uji unaozidi kuongezwa maji. Kikomo cha kawaida ni mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani 140 kwenu. Wekeni kwanza ya milimita 20, nanyi mtaiona ile miezi minne ya Mshtarii aliyoigundua Galileo mwaka 1610, imejipanga karibu katika mstari mmoja.

Kabla ya hapo, sawazisheni ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni. Kazi hiyo ifanyike mchana: lengeni mnara wa simu ulio mbali, uwekeni katikati ya darubini kubwa, kisha zungusheni skrubu za ile ndogo mpaka ncha ya mnara ikae penye makutano ya mistari miwili inayoonekana ndani yake. Darubini isielekezwe kwenye jua hata kidogo, kwani jicho hupofuka papo hapo.

Mvuvi wa Kibirizi
Mwalimu, hiyo nyota hamtaiona. Kigoma iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wetu. Stendi yenu ni ile ya kuzungushwa kwenye mhimili mmoja ili kufuata mzunguko wa anga; kwetu mhimili huo hutakiwa kuelekea kusini, ukiinuka nyuzi 5 tu, na stendi nyingi za aina hiyo hazilali kiasi hicho. Stendi ya kawaida, ya kupandisha, kushusha na kugeuza pembeni, inatufaa zaidi. Kumbukeni pia kwamba anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa: kwa ukuzaji wa 175 sayari hupita machoni kwa muda wa dakika moja hivi, ilhali kwa 35 wanafunzi kadhaa wanaweza kupokezana.

Mwalimu wa Ujiji
Ahsanteni sana. Je, Mwezi tuutazame ukiwa mpevu?

Mvuvi wa Kibirizi
Hapana, mwalimu. Ukiwa mpevu mwanga huupiga moja kwa moja na mashimo yake hukosa vivuli. Chagueni siku ya saba au ya nane baada ya kuandama: jua likizama tayari uko juu, na mashimo huonekana vizuri kwenye mpaka wa nuru na giza. Usiku usio na Mwezi ndio wa kutafuta Kilimia na nyota hafifu, ila ndio tunaoingia ziwani na taa za dagaa, kwa hiyo upande wa magharibi uacheni.