Tupeane uzoefu: Unalala usiku kucha na bado unaamka hoi. Ulijuaje kama ni ugonjwa?

Pono wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 38, mhasibu. Juzi nimesinzia ndani ya mwendokasi nikiwa nimesimama, mkono kwenye bomba. Simu ikanidondoka, dada mmoja akaniokotea, akaniuliza, "Kaka, unaumwa?" Swali hilo halijanitoka mpaka leo.

Nalala saa tatu usiku, naamka saa kumi na moja alfajiri. Mdomo mkavu kama nimelamba majivu, kichwa kinagonga mpaka saa nne asubuhi. Mke wangu anasema nakoroma, halafu nanyamaza kabisa, halafu nashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Usiku mmoja alihesabu kimya kimya, akafika ishirini na tano ndipo nikavuta pumzi. Nimepima malaria, taifodi, sukari, wingi wa damu. Kote naambiwa nipunguze mawazo. Sekondari waliniita Pono kwa usingizi, na mwalimu alinichapa kwa uvivu. Naanza kuona kwamba sikuwa mvivu. Kuna mwenzangu humu?

Chumvi_ya_Uvinza
Hapo kwenye kunyamaza na kushtuka umemwelezea marehemu baba yangu mzima mzima. Nafuatilia uzi.

Mama Kulwa
Pole mwanangu. Usilale chali. Mimi mzee wangu nilimshonea mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana, akigeuka unamchoma, anarudi ubavu. Na kama unakula ugali ukikaribia kulala, uache.

Usukani Mzito
Nimesoma hapo kwenye mwendokasi mikono ikatetemeka. Nilikuwa dereva wa lori, Dar–Tunduma, miaka kumi na moja. Usingizi wa barabarani kila dereva anaujua, ila wangu haukuwa wa kawaida. Nililala saa nane nzima Chalinze, nikaondoka usiku na kontena. Nilikuwa natafuna kahawa, nimepaka dawa ya kuchua chini ya macho mpaka machozi yanatoka.

Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni lile bango la Mikumi lenye faini za kugonga wanyama. Nililiona, nikasoma "twiga". Baada ya hapo nasikia "Mjomba! Mjomba!" Utingo wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, amelala juu yangu, ameshika usukani kwa mikono miwili, tairi za kushoto ziko majanini. Taa zinamulika miti. Nilipofunga breki tulikaa kimya sijui kwa muda gani. Yeye alikuwa analia. Mimi nilichokuwa nafikiria ni kimoja tu: dada yangu ningemwambia nini?

Nilipopimwa nikalala na waya kichwani na kifuani. Pumzi ilikuwa inakatika mara 41 kwa saa. Daktari akasema kuanzia 30 ni hali mbaya. Akanipima na shingo kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 45. Kwa mwanamume ikizidi 43 wanaanza kukushuku. Ukilala nyama za koo zinalegea, njia inajifunga, ubongo unakuamsha kidogo ili uvute hewa, wewe hukumbuki. Umelala saa nane, lakini hujalala.

Kiboko ya Hoja
Mkuu pole, ila tuseme ukweli. Miaka kumi na moja unajua unasinzia na unaendesha tani 30? Hao abiria unaopishana nao usiku hawana watoto?

Usukani Mzito
Nilijua nasinzia, sikujua naumwa. Tangu usiku ule sijashika lori. Unadhani silifikirii hilo?

Konda Mstaafu
Kiboko, umewahi kumwambia bosi wa malori kwamba unaumwa usingizi? Siku hiyo hiyo funguo anapewa mwingine. Ndiyo maana wanaficha.

Kiboko ya Hoja
Na wakificha tunazikwa sisi. Tangu mabasi ya usiku yarudi 2023 mimi silali safarini, namwangalia dereva.

Mama Kulwa
Mnamshambulia mtu aliyejitoa kusema. Hivi mtapata wa pili wa kusema?

Konda Mstaafu
Sawa mama. Usukani, nasikia kuna mashine ya kusukuma hewa ukilala, ulipewa?

Usukani Mzito
Ninayo. Barakoa puani, hewa inasukumwa usiku kucha, koo halijifungi. Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa. Wiki ya tatu niliamka alfajiri nasikia ndege wanalia, nikajua kumbe asubuhi ndiyo ipo hivi. Umeme ukikatika ndiyo shida, nimenunua betri na inveta.

Binti wa Urambo
Jamani si wote tunakoroma. Mimi sikoromi kabisa. Nilianza nikiwa kidato cha tatu. Nasinzia darasani, mwandiko unaanza vizuri unaishia mistari. Kwa kuwa kwetu Urambo mbung'o wapo, wakasema malale. Nikapimwa damu, nikachomwa sindano ya uti wa mgongo, hamna kitu. Na malale ya huku kwetu isipotibiwa inaua ndani ya miezi, mimi nilienda na hali yangu miaka kumi na minne!

Kubaya zaidi ni kwenye kitchen party ya mdogo wangu. MC kasema kitu, nikacheka, magoti yakaisha. Kichwa kikaanguka kifuani, nikashuka chini na sahani ya pilau mkononi. Nasikia kila neno, siwezi kuinua hata kidole. Mtu anasema kifafa, mwingine anasema mapepo, mama mkwe ananimwagia maji. Mdogo wangu alilia siku yake nzima. Tangu pale nikaacha kucheka mbele za watu. Mtu akianza kuchekesha natoka nje.

Ugonjwa wangu ulijulikana kwa bahati. Nilimpeleka mama India kwa moyo, nikasinzia kwenye kiti mbele ya daktari wake mara tatu. Akaniuliza, "Ukicheka sana, magoti yanalegea?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nililia pale pale. Wakanilaza usiku mmoja na waya, kesho yake nikapewa nafasi ya kulala mchana mara tano, kila baada ya saa mbili. Mtu wa kawaida anachukua muda, mimi dakika tatu tu nipo ndotoni. Inaitwa nakolepsi. Seli za ubongo zinazotengeneza oreksini, kitu kinachokuweka macho, zimekufa. Haiponi, ila natumia dawa, na nalala dakika ishirini saa saba mchana, ofisi nzima inajua.

Dua na Dawa
Dada pole, lakini nyie mnaita nakolepsi, sisi tunaita kukabwa na jinamizi usingizini. Mimi nilikabwa kila mwezi, nikasomewa, yakaisha.

Binti wa Urambo
Nami nilisomewa. Sijawahi kudharau dua. Ila dua haikuniambia nisiendeshe gari.

Mpemba wa Chake
Kuhusu kukabwa, mwaka 1995 wakati wa Popobawa, jini lililosemekana kuvamia watu usiku, tulilala barazani mtaa mzima. Nilikuwa mdogo, nilimhisi kifuani, siwezi kupiga ukelele. Baadaye nikasoma kwamba wakati wa ndoto mwili hufungwa ili usirushe mikono, na akili ikizinduka kabla ya mwili ndiyo jinamizi lenyewe. Naikubali sayansi. Hofu ya ule usiku pia nakaa nayo.

Mama J
Mimi ni miguu. Nikilala tu ni kama siafu wanatembea ndani ya mashavu ya miguu, lazima niamke nitembee. Damu ikapimwa, akiba ya madini ya chuma ilikuwa chini sana. Nimetumia dawa, nimepata nafuu. Pono, umepima na hiyo?

Chumvi_ya_Uvinza
Kahawa chungu jamani. Baba alikunywa vikombe sita.

Nesi wa Zamu
Na baba ni marehemu, ndugu yangu. Kahawa inafunika tu. Na Pono, tafadhali usinywe bia wala vidonge vya usingizi, vinalegeza koo zaidi. Kuna maswali nane ya Epworth, ya kupima usingizi wa mchana: unasinzia ukisoma, ukiangalia TV, ukiwa abiria saa nzima, ukikaa baada ya chakula cha mchana, na kadhalika. Kila moja unajipa 0 mpaka 3. Ukizidi 10, nenda hospitali. Na presha pia ipimwe.

Pono wa Mbagala
Nimejipa 19. Na jana usiku mke wangu amenirekodi dakika nne kwa simu. Nimeiangalia mara moja. Naona mtu amelala, kifua kinapanda na kushuka, hewa haipiti, na mimi niliyekaa mezani na chai nimejikuta nimebana pumzi, namwombea huyo mtu avute yake.

Nesi wa Zamu
Usiifute hiyo video. Ingia nayo kwa daktari, na mkeo umwombe aende nawe.