Ulipata vyuo viwili vya Marekani vinavyofanana, ukachagua kipi na kwa nini? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha sita mwaka jana, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Sasa majibu yametoka: amepata Amherst na Williams, vyote viko Massachusetts na vyote vimempa ufadhili. Anatakiwa kujibu kabla ya Mei 1. Tumevilinganisha mpaka tumechoka. Ni vyuo vidogo vya sanaa huria, yaani vinafundisha fani nyingi kwa pamoja, sayansi hadi fasihi, na kila kimoja kina wanafunzi kama elfu mbili, na hata rangi yao ni moja, zambarau. Vina udugu wa zamani pia: mwaka 1821 mkuu wa Williams, Zephaniah Swift Moore, aliondoka na baadhi ya wanafunzi akaenda kuwa mkuu wa kwanza wa Amherst. Mwaka 1859 vikacheza mechi ya kwanza ya besiboli kati ya vyuo nchini humo.

Baba anataka Amherst kwa sababu Uhuru Kenyatta alisoma pale. Namheshimu mzee, ila miaka minne ya mtoto haiwezi kuamuliwa na hilo. Aliyewahi kukwama hapa atuambie aliangalia nini. Sifa za kwenye vipeperushi tumeshazisoma.

Mtoto wa Tanga:
Mimi nilikuwa na Swarthmore na Haverford. Vyote viwili vilianzishwa na Waquaker, dhehebu la Kikristo, vyote viko nje kidogo ya Philadelphia, treni ya mjini inafika, na unaruhusiwa kuchukua masomo chuo cha pili. Nilisumbuka sana mpaka mwalimu wangu wa fizikia akaniuliza swali moja: unataka kuwa nani? Nikamjibu mhandisi. Swarthmore inatoa shahada ya uhandisi, jambo ambalo vyuo vya aina hii vichache sana vinalo. Nikaenda Swarthmore. Muhula wa kwanza alama haziandikwi, unaonekana umefaulu au hukufaulu basi, na kwa mtu aliyetoka kwenye mfumo wetu wa mitihani ya taifa ya NECTA ule muhula ulinipa nafasi ya kupumua. Haverford nako nilipapenda: mitihani mingi ya mwisho unajipangia saa mwenyewe, unafanya bila msimamizi, wanakuamini. Kama ningekuwa mtu wa historia au fasihi ningekwenda huko bila kusita.

Mama Wawili, Mombasa:
Dada, someni barua za ufadhili mstari kwa mstari. Jumla ya juu isiwababaishe. Binti yangu alipata vyuo viwili, sivitaji, na jumla zilikaribiana kabisa. Tulipozilaza mezani pamoja ndipo tukaona kimoja kimelipa bima ya afya na nauli ya ndege, cha pili kimeandika bima kama gharama ya familia, na nauli hakikuitaja popote. Bima ya kule si ya kuchezea, ni maelfu ya dola kwa mwaka. Angalieni pia kama kuna mkopo ndani, na kama kuna pesa mtoto anategemewa azipate kwa kufanya kazi chuoni. Williams iliondoa vyote viwili kwenye ufadhili wake mwaka 2022. Amherst mikopo iliiondoa zamani, lakini la kazi ulizeni. Andikeni barua pepe, mtajibiwa. Watoto wetu wanaogopa kuuliza mambo ya pesa wakidhani watanyang'anywa nafasi. Hawanyang'anywi.

Jirani wa Amherst:
Nilisoma Mount Holyoke, kwa hiyo Amherst nilikuwa naenda kwa basi. Hilo ndilo la kwanza la kumwambia mdogo wako: jirani na pale kuna chuo cha Smith, sisi, na UMass, yaani Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambacho ni kikubwa hasa, na masomo unaweza kuchukua huko kote. Amherst pia haina orodha ya masomo ya lazima, ukiacha semina moja ya mwaka wa kwanza. Kijana anayejua anachokitaka atafurahi. Asiyejua anaweza kukimbia hesabu au uandishi miaka yote minne na asiwepo wa kumzuia.

Williams iko milimani, Boston ni mbali, na mji ni mdogo. Kuna siku ya Oktoba kengele zinalia asubuhi, masomo yote yanafutwa, watu wanapanda mlima. Januari nzima wanasoma somo moja tu. Ila kitu ambacho ningekililia ni yale madarasa ya wanafunzi wawili na mwalimu: wiki hii unasoma insha yako, mwenzako anaichambua mbele yako, wiki ijayo mnabadilishana. Hakuna pa kujificha. Mdogo wako ni mtu wa kubishana kwa hoja, au anapenda kusikiliza kwanza? Mimi ningeamua kwa hilo.

Kijana wa Mwanza:
Naongeza moja. Ulizeni mabweni Desemba. Chuo changu yalifungwa, Wamarekani wakaenda kwao, sisi tukaanza kutafuta pa kulala kwenye theluji.

Mwenye uzi:
Asanteni sana. Nimemsomea yote. Hapo pa wawili na mwalimu amenyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudie. Usiku huu anaviandikia vyuo vyote viwili kuhusu bima, kazi na Desemba. Wengine endeleeni kuleta, hasa waliosoma Williams wenyewe.