Mjadala: Vivuko vidogo vya ziwani vijengwe bila sitaha ya juu ya abiria?

Mwana_AreaC: Wakuu, wabunge wako mjini na vivuko vimetajwa tena. Mimi nauliza la usanifu. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu 228, na wimbo ukawa mmoja: walijazana. Sawa, walijazana. Lakini chombo kinacholala kwa sababu watu wamekimbilia upande mmoja kuwahi kushuka kilijengwa na akiba gani ya kutopinduka? Naona vivuko vidogo vinyimwe sitaha ya juu. Uzito ubaki chini.

Nahodha_Kavu: Kiliruhusiwa watu 150 kama sikosei, wakapanda karibu mara mbili, halafu unamlaumu mchoraji? Na tangu lini mtu wa Dodoma, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni bwawa la Hombolo, akafundisha watu meli?

Taruma_la_Tatu: Ni 101 na mzigo tani 25, mkuu. Turudi kwenye hesabu. Chukua kivuko cha mfano: tani 150, upana mita 8, sitaha iko sentimita 60 juu ya maji. Watu 200 kwa kilo 75 ni tani 15. Wakisogea mita 2 kwenda kulia, hiyo ni tani-mita 30. Kimo cha metasenta juu ya kitovu cha uzito, yaani kipimo cha chombo kujirudisha wima kinapoinama, kikiwa mita 1, chombo kinainama digrii 11. Kanuni za kimataifa za meli za abiria zinaishia digrii 10 kwa watu kurundikana upande mmoja. Hapo ukingo wa sitaha umeshazama tangu digrii 8 na nusu. Wapandishe sitaha ya juu, kimo kishuke hadi nusu mita, hesabu hiyohiyo inakupa digrii 22.

MamaSitaha: Mnasahau maji yenyewe. Sitaha ya magari ya mita 15 kwa 8 ikiingiwa na maji yanayocheza huku na huku, kwenye chombo hicho cha tani 150 unapoteza mita 4 na ushee za kimo. Huna mita 4! Gawa sitaha katikati kwa ukuta wa urefu, hasara inashuka hadi robo. Mashimo ya kumwaga maji nayo yasizibwe na magunia ya dagaa. Hilo linaokoa kuliko kukata sitaha ya juu.

Kizota_Stesheni: Mimi nimekwama kwenye Hombolo. Ndugu Nahodha, meli ya Liemba ilipita HAPA. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaitia kwenye makasha kama 5,000, ikapanda treni ya Reli ya Kati kwenda Kigoma. Dodoma iliona meli ikiwa kwenye behewa kabla Ziwa Tanganyika halijaiona. Heshima kidogo.

Nahodha_Kavu: Makasha si meli, mjomba. Ila umenisaidia: Liemba inadumu kwa sababu ya ribiti, zile pini za chuma zinazobana mabamba. Ilizamishwa 1914, ikaopolewa, ikarudi kazini. Hizi za kuchomelea ndizo zinazopasuka. Waulizeni Wamarekani na meli zao za mizigo za Liberty wakati wa Vita ya Pili ya Dunia.

Kizota_Stesheni: 1916, Julai. Mwaka 1914 ilikuwa haijashushwa hata majini. Na kilichoiokoa ni grisi: mafundi walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza waliiopoa 1924, ikaanza safari 1927.

Taruma_la_Tatu: Ribiti zina sifa moja ya kweli: ufa ukifika mwisho wa bamba unasimama, wakati kwenye kuchomelea chuma chote ni kimoja, ufa unatembea. Lakini Liberty zilipasuka kwa chuma kilichokuwa kigumu na chepesi kuvunjika kwenye baridi, na kwa pembe kali za midomo ya ngama, yaani vyumba vya mzigo. Maji ya Tanganyika ni ya nyuzi 25 hivi, hiyo hofu iwekeni kando. Ribiti zina ugonjwa wao: maji hukaa kati ya mabamba yaliyopandana, kutu inavimba, inayasukuma yaachane. Unagonga kichwa cha ribiti kwa nyundo, kidole upande wa pili. Nzima inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu na kidole kinahisi inacheza.

MamaSitaha: Na bamba la milimita 8 likipimwa kwa mawimbi ya sauti likakutwa 6, likatwe, liwekwe jipya. Siyo kuchomelea kiraka juu yake! Kiraka kinafuga kutu na kinaongeza uzito ambao hakuna aliyeuandika. Viraka kumi, jenereta mpya, tangi la maji paani, halafu karatasi ya uthabiti ni ya siku kilipozinduliwa. Jaribio la kuinamisha, la kujua kitovu cha uzito kilipo sasa, lirudiwe: maji matulivu, kamba zilegezwe, matangi yajae pomoni au yawe makavu, hamisha uzito unaoujua kutoka ubavu hadi ubavu, soma timazi.

Nahodha_Kavu: Dada, timazi si za mafundi uashi?

MamaSitaha: Uzi, uzito mwishoni, na ndoo ya oili ili isiyumbeyumbe. Ndiyo hizohizo.

Mwana_AreaC: Jamani, sitaha ya juu niliyouliza?

Nahodha_Kavu: Subiri. Kizota kwanza athibitishe kwamba ile treni ilisimama Dodoma.

Kizota_Stesheni: Injini ya mvuke itoke pwani ipite Ugogo bila kunywa maji? Sasa nani hapa hajui vyombo?